Utando Uliokataa Maji Kanisani

Nikikutana na mama yeyote wa kanisa letu la Mapendo huwa nainamisha uso kidogo, na sababu yake nikiwasimulia mtacheka. Chekeni tu, siku hizi hata mimi nacheka.

Kazi yangu ni kutengeneza nyuzi. Si za kushonea, hizi ni nyembamba kuliko unywele, jicho halizioni moja moja. Mashini inazivuta kutoka kwenye plastiki iliyoyeyushwa (umeme ukiwepo, na mnaijua Goma yetu), zinalaliana mpaka zinakuwa utando mweupe, na maji ya ziwa yakipita humo uchafu unabaki juu. Watu wakimuuliza baba nafanya nini labo, yaani maabara, alikuwa akijibu, "Anashonea maji nguo," halafu anabadili mazungumzo.

Basi wazee wa kanisa wakakubali nije kuonyesha baada ya ibada, wakiridhika chujio langu lifungwe kwenye tangi la kanisa, ambamo mtaa mzima unachota maji kwa bidoni, yale madumu ya plastiki. Nilikuwa naitamani nafasi hiyo kuliko nilivyotamani diploma.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Utando ule ukiwa mkavu unakataa maji, lazima uulowanishe kwanza kwa alikoli ndipo yapate njia. Nilijua, tena nafundisha wanafunzi. Lakini kanisani kwetu pombe hata harufu yake ni dhambi, na baba ni shemasi, anakaa benchi la mbele. Niingie na chupa ya alikoli mbele ya Mama Pasta, mke wa pasta? Nikaiacha nyumbani, nikijidanganya kwamba maji yakiwa mengi yatajisukuma yenyewe. (Kuulowanisha nyumbani na kuubeba ndani ya maji, wazo hilo lilinijia kesho yake, akili zangu ndivyo zilivyo.)

Nikahutubia kwa Kifaransa kingi, nikamimina maji ya tope kwenye chombo chenye utando. Yakakaa juu. Nikatabasamu, nikagonga chombo, nikaongeza mengine, yakafurika yakamwagikia viatu vya pasta. Mama mmoja nyuma akasema, "Hii njo kusoma yote ile? Hata bidoni ya kutoboka inapitisha maji." Mzee wa kanisa akarudisha miwani mfukoni, nikaona tangi linaniponyoka.

Ndipo nikasema, tena kwenye maikro, "Naomba kanyanga."

Kanyanga, ile pombe kali ya kupikwa vichochoroni, na mimi naiomba madhabahuni.

"Unasema nini, mutoto?" akauliza Mama Pasta.

Nikaeleza kwamba si ya kunywa, ni ya kulowanisha utando tu.

"Hapa hatuna batu ba kanyanga," pasta akajibu.

Baba akasimama taratibu, akaingiza mkono ndani ya koti lake la Jumapili, akatoa kichupa cha dawa ya kikohozi. Kilipofunguliwa, hakuna aliyefikiria kikohozi.

"Ni ya magoti," akasema. "Baridi ya milima ya Masisi haitoke mu mifupa. Kamata, mutoto wangu."

Nikamimina. Utando ukaanza kupitisha mwanga kama karatasi iliyofungiwa mandazi ikalowa mafuta. Nikausuuza, nikamwaga maji ya kwanza, kisha nikatia lile tope, na chini yakaanza kudondoka maji maangavu ndani ya glasi, huku kanisa likinuka kama baa. Pasta akainua glasi dirishani, akaitazama sana. Hakuna aliyethubutu kunywa. Baba akaichukua, akainywa yote, akawageukia waumini.

"Haina kanyanga," akasema. "Na mwenye kuitengeneza ni binti yangu."

Tangi tulipewa. Baba akasimamishwa ushemasi kwa muda, na hiyo aibu nilimletea mimi, lakini muulizeni kama anajuta. Siku hizi anakaa pale tangini akimweleza kila mwenye bidoni jinsi nyuzi zinavyokataa maji mpaka zibembelezwe, na wakitaka kubadili mazungumzo yeye ndiye anayekataa. Nami nimeapa: chupa ya kazi yangu sitaificha tena kwa kuogopa macho ya watu. Baba alikuwa amekificha kichupa chake hata mama asijue, akakitoa mbele ya kanisa zima ili maji yangu yapite.