Kona ya Itetemia

Mwaka ule, nikiwa binti mdogo, tulikula ugali wa yanga, wa mahindi ya njano, mpaka hata mbwa akaususa. Mjomba wangu, dereva, alikuwa ameng'oa sailensa ili gari lake lingurume kama simba, na alasiri moja akanipakia mbele twende Itetemia. Ndani kulinuka petroli na tumbaku. Kwenye kona hakupunguza mwendo.

"Shika vizuri, mama, tunaikata hii!"

Tukacheka. Gari likainamia upande, vumbi likatufunika, nikasikia kilio kirefu, chembamba.

"Mjomba, nani analia?"

"Matairi, mama. Gari likikata kona, matairi hulia."

Lakini yeye hakucheka tena, wala hakugeuka nyuma. Mimi niliwatambia watoto wote kwamba matairi ya mjomba yanajua kulia.

Juzi mjukuu wangu Kulwa, fundi ambaye mji mzima unamjua, alikuja na gari aliloshusha chini na kulitia matairi mapana. Akalizungusha kwenye lami, matairi yakapiga yowe. Nikamwambia hata ya mjomba wangu yalilia, tena kwenye vumbi la Itetemia.

Akacheka. "Bibi nawe! Kwenye vumbi tairi halilii, linateleza tu."

Nikakaa chini. Mjomba alishakufa, sina wa kumuuliza ni nani aliyelia.

"Panda basi, Bibi, nikuonyeshe ninavyokata kona."

"Sipandi, Kulwa."

"Mara moja tu, Bibi. Nitakwenda polepole."

"Sipandi, Kulwa."