Mapigo ya Moyo na Mzigo wa Majani

Ripoti ilikuwa kurasa mbili tu, lakini ilinichukua siku nne. Niliandika "ninapendekeza", nikabadilisha ikawa "inaonekana", nikarudisha "ninapendekeza", mwisho nikaiacha "inaonekana". Jumatano asubuhi nikamkabidhi kocha pembeni ya uwanja wa parokia, huku Kibosho, wakimbiaji wakipasha mwili moto kwenye ukungu.

Kocha ni mkimbiaji mstaafu aliyewahi kuiwakilisha nchi, na tangu niletwe kwenye kikundi chake alikuwa akiniita profesa kwa sauti ambayo mtu angemwitia mbuzi aliyeingia shambani. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya sayansi ya michezo. Kazi yangu ya mwaka mmoja ilikuwa kuhakikisha tafiti za chuo zinamfaa mtu anayekimbia kweli. Ripoti zangu tatu za mwanzo alizikunja akaziweka mfuko wa nyuma. Hii ya nne, iliyomhusu mkimbiaji wetu mmoja, aliisoma mpaka mwisho, amesimama.

"Kwa hiyo huyu binti amechoka," akasema.

Nikamwambia namba zinaonyesha hivyo. Kila mkimbiaji alikuwa na daftari langu, na kila asubuhi alihesabu mapigo ya moyo wake kwa dakika moja akayaandika. Wiki mbili za kwanza mapigo ya binti huyu yalikuwa ya chini na yametulia. Baada ya hapo yalipanda, na kwa karibu wiki tatu hayakushuka. Hakuwa na homa. Chuoni tulifundishwa kwamba hiyo ni dalili ya mwili kuzidiwa na mazoezi. Na yeye ndiye aliyekuwa tegemeo letu kwenye mita elfu kumi. Kikundi kiliruhusiwa kupeleka jina moja la mwanamke kwenye mchujo wa taifa, na mwisho wa kupeleka ulikuwa Jumamosi saa sita mchana.

Nilisubiri anibishie. Nilikuwa nimeandaa hata majibu.

"Macho yangu yanaona yuko sawa," kocha akasema. "Lakini macho haya yameshanidanganya mara mbili, na wale wawili hawakukimbia tena. Wewe umesoma. Nitaandika jina la mwenzake."

Akaikunja karatasi akaiweka mfuko wa shati, wa mbele.

Kupuuzwa nilikuwa nimekuzoea. Kuaminiwa kulinitia hofu. Je, binti alihesabu dakika nzima, au nusu dakika akazidisha mara mbili? Alikaa au alisimama? Nilipitia daftari lake mara sita kana kwamba namba zingejibadilisha. Nikaamua niende nikamwone akijipima.

Alhamisi alfajiri nilichukua bodaboda kutoka mjini Moshi. Barabara ilipoharibika nikashuka, nikamalizia kwa miguu katikati ya migomba. Kwao nilimkuta mama yake uani, mkono wa kulia umefungwa plasta. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia binti ameshuka kukata majani ya ng'ombe, nikae, hatakawia.

Nilimwona akipanda kutoka bondeni, au tuseme niliuona mzigo kwanza, mpana kuliko mlango, ukipenya kwenye kahawa na miguu miwili chini yake. Aliutupa bandani, akajifuta uso kwa khanga, akaingia ndani. Kupitia mlango ulio wazi nikamwona amesimama chini ya saa ya ukutani, vidole viwili shingoni, midomo ikihesabu. Kisha akaandika kwenye daftari langu.

Nikamuuliza ameanza lini kubeba majani.

"Tangu mama aanguke. Wiki ya tatu hii."

Na kwa nini hajipimi akiwa bado kitandani, kama nilivyowaelekeza? Akanionyesha godoro lililokuwa chini ya saa. "Wadogo zangu wanalala hapo, kaka. Nikiwasha taa saa kumi na moja wanaamka wote."

"Mbona hukuniambia?"

"Fomu yako inauliza mazoezi. Kwani majani ni mazoezi?"

Nimekulia tambarare, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la miwa, na utoto wangu wote niliwaona wanawake wakishuka kutoka mlimani kutafuta majani na kupanda nayo tena. Haikunijia hata mara moja kwamba mmoja wao angeweza kuwa kwenye jedwali langu.

Ningependa kusema nilipumua. Ila nikiwa njiani kurudi uwanjani nikaanza kuwaza upande wa pili. Mapigo alikuwa anayapima vibaya, sawa, lakini mzigo ulikuwa wa kweli. Inawezekana ni jasho la majani tu. Inawezekana pia amechoka kweli, na nikimtetea sasa nitamfanya wa tatu wa kocha. Nilimpigia msimamizi wangu wa chuo, nikamuuliza ingekuwaje nikimbebea majani siku mbili, ili ajipime akiwa amelala. Akanijibu kwa upole kwamba nikifanya hivyo nimeingilia, na nitalazimika kumtoa kwenye utafiti. Daftari lake ndilo lililokuwa limejazwa vizuri kuliko yote.

Kocha alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kila mtu hapa anajua anabeba majani," akasema. "Nilidhani umeshayaweka kwenye hesabu zako." Tukatazamana. "Nipe jibu Jumamosi kabla ya saa sita. Na lisiwe 'inaonekana'."

Nikamwazima binti saa yangu ya mkononi, inayowaka gizani, ajipime akiwa kitandani. Ijumaa nilishuka bondeni na mundu na kamba, na ngata ya kichwani ambayo mama yake alinisokotea kwa mkono mmoja. Mzigo wangu ulikuwa nusu ya wake na ulianguka mara mbili. Wanawake waliokutana nami njiani walisimama kabisa.

"Baba, hiyo ndiyo mahari au umetanguliza kazi ya ukweni?" mmoja akauliza, na wenzake wakacheka mpaka wakaweka mizigo chini.

Mapigo ya Ijumaa yalishuka kidogo. Ya Jumamosi yalishuka tena, lakini hayakufika kule yalikokuwa mwanzo. Yalibaki katikati, mahali ambapo mtu kama mimi anaweza kukaa wiki nzima akitafakari.

Saa tano na nusu kocha alikuwa kwenye benchi la uwanja, simu mkononi, ujumbe umeandikwa wote isipokuwa jina. Binti alikuwa mbali kidogo, anafungua kamba moja ya kiatu kwa muda mrefu mno. Nilianza kumweleza kocha kuhusu siku mbili kuwa chache.

"Profesa. Ungekuwa wewe, ungemwandika?"

Mikono ilikuwa inaniwasha kwa majani. "Ningemwandika," nikasema. "Ila asibebe mzigo mpaka mchujo uishe. Akibeba, simwandiki."

Akaandika jina, akalisoma herufi kwa herufi, akatuma. Kisha akapaza sauti ili wote wasikie, akauliza kesho majani ya ng'ombe ni zamu ya nani.

Wote walikuwa wananiangalia mimi.