Feruzi Aliyeikana Phonie

Feruzi wa mtaa wa Tshopo, Kisangani, alikuwa fundi, na anayebisha arudishe kwanza radio aliyofufuliwa. Mpe radio iliyozama mtoni, ataianika juani kama samaki, ataipulizia, ataigonga mgongoni, na jioni itasoma habari. Kompyuta alizifungua bila kufundishwa na mtu, kama babu zake walivyofungua njia za biashara bila ramani. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na babu zake hawakuwepo kumbishia.

Ila vita vilimtia ugonjwa mmoja. Tangu mji ushikwe na askari, kila njia ilikuwa na barrière, kizuizi cha askari, na kila barrière ilikuwa na maswali. Uko na radio? Uko na betri? Uko na mafuta ya taa? Aliyesema ndiyo alifika kwake mikono mitupu. Kwa hiyo Feruzi akajifunza kukana. Alikana radio huku imelala chini ya pondu, yale majani ya muhogo, ndani ya beseni. Alikana betri huku inamvuta suruali upande mmoja. Siku moja, kwenye njia ya Bangboka, kwenye uwanja wa ndege, askari alimuuliza kama yuko na bibi, akajibu hapana, na Madina, mke wake wa ndoa, amesimama nyuma yake na beseni kichwani. Madina hakusema kitu siku ile. Aliweka akiba.

Basi, mwaka wa 2001, Jérôme, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, alikuwa na duka katikati ya mji. Nyuma ya duka kulikuwa na phonie, ile radio ya kupeleka sauti mbali, imeungwa na kompyuta ya Linux. Kwa phonie hiyo barua ziliruka mstari wa vita mpaka Kinshasa, na fundi wake alikuwa Feruzi. Jumanne ikaleta barua ya Aïcha, binti yake na Madina, aliyekwama Kinshasa tangu vita vianze. Kijana mmoja ameleta posa. Wazee wa kijana wanakaa Jumapili baada ya adhuhuri, na wanataka neno la baba. Baba akinyamaza, watahesabu amekataa, watapeleka posa mlango mwingine.

Jambo jepesi. Baba alikubali, mama alishalia na kucheka. Lakini kabla jibu halijaandikwa, diski ya kompyuta ikaanza kukwaruza kama mtu anayeparua ukoko wa wali, halafu ikakataa kuwasha mashine. Jérôme alikuwa na diski mpya iliyoteremka Bangboka kwa ndege ya mizigo, pamoja na Linux mpya. Diski hiyo ilikuwa kubwa hata noyau ya zamani isiitambue. Noyau ndiyo moyo wa Linux, programu inayoendesha kompyuta: kifaa ambacho noyau haikijui, kwa mashine hiyo hakipo duniani. Ikabidi kujenga noyau mpya.

Jérôme alimwomba jambo moja tu.

“Papa Feruzi, yule padri aliyetuwekea hii phonie alipanga noyau ya zamani muzuri kabla ya kukimbia vita. Faili ya mipangilio yake ingali kwenye diski ya zamani. Uihamishe tu, donc tusianze kutafuta mambo.”

Feruzi alicheka kwa pua. Yeye, avae suruali ya padri? Akaanza upya kabisa.

Anayejenga noyau bila mipangilio ya zamani huulizwa kila kitu. Uko na hiki? Uko na kile? Y ni ndiyo, N ni hapana, na maswali hayana mwisho. Mwanzoni Feruzi alisoma vizuri, akajibu kwa ukweli mambo ya diski na kioo. Jua likapanda. Maswali yakapanda nalo. Uko na kadi ya aina hii, ambayo Kisangani nzima haijaiona? Uko na dada yake? Hata askari wa barrière huchoka akaomba sigara, lakini mashine ile haikuomba chochote. Jasho likamtoka, kidole kikaanza kujibu chenyewe. N. N. N. Ikauliza kama yuko na radio. Feruzi aligeuka kwanza kutazama mlango. N. Ikauliza habari ya lile tundu la nyuma linaloshika waya wa phonie. N, tena haraka.

Umeme ukakatika kazi ikiwa katikati, groupe, ile jenereta ya duka, ikawashwa, kazi ikaanza tena. Ijumaa alasiri mashine ikawaka, diski kubwa ikatambuliwa, Feruzi akasimama kupokea sifa zake. Phonie ikanyamaza kama jiwe.

Alilaumu waya. Alilaumu bwawa la umeme. Jumamosi asubuhi alipanda juu ya bati kulaumu antena, na huko ndiko Madina alikomkuta. Alimwita ashuke. Kisha akakaa juu ya gunia la chumvi, akamuuliza polepole mashine ilisema nini kuhusu radio.

Feruzi alikohoa. “Ilitaka kujua kama tuko nayo.”

“Na wewe ukasema nini?”

Feruzi akachunguza bisibisi yake. Jérôme alishika kichwa kwa mikono miwili, akaonyesha ukuta ambapo kibali cha phonie kilining'inia na mihuri yake yote.

“Papa Aïcha,” Madina akasema, “ulinikana mimi kwenye njia ya Bangboka, nikanyamaza. Sasa umekana phonie. Kesho utamukana na mutoto?”

Feruzi aliunga diski ya zamani pembeni ya ile mpya. Ikalia, ikagoma, akaigonga ubavuni, ikatapika faili ya padri. Akaiweka mahali pake, akaandika ile amri iitwayo oldconfig, ambayo huyabeba majibu ya zamani na kuuliza yale mapya tu. Suruali ya padri ikamkaa vizuri, ingawa hakusema. Kwa kila swali lililobaki Madina aliuliza begani pake, “Tuko nayo, hatuko nayo?” na Feruzi akajibu kama mbele ya kadhi.

Jumapili asubuhi phonie ikaimba. Feruzi aliandika kwamba baba amekubali, na mama amekubali zaidi. Mashine ikauliza: nipeleke, Y au N? Kidole kikaanza kutembea upande wake wa siku zote. Madina alikishika kama anavyoshika shingo ya kuku, akakiweka panapofaa. Kabla ya alasiri jibu la Aïcha lilikuwa limefika, maneno yake yote yanarukaruka kwa furaha.

Walipokuwa wakirudi Tshopo, Madina alikuwa anaimba chini chini. Askari wa barrière akawatazama, akauliza kama kwao kuna arusi, kusudi naye ajue nyama inaliwa wapi.

Feruzi alifungua kinywa, lakini alichelewa.

“Hapana, chef,” Madina akasema. “Arusi gani na hii vita?”