Nguo Nyeupe ya Kumi na Mbili

"Na maharagi?"

Hii njo neno ya kwanza muzee alisema siku nilifika ku kanisa na batoto kumi na moja, udongo mpaka ku magoti, kiatu yangu moja imebaki mu njia ya Kalunguta. Nilitoka na kumi na mbili. Nilikuwa ninalia bila haya, nikamwambia, "Muzee, bamekamata mutoto wetu mumoja." Na yeye, mukubwa wa bazee ba kanisa, mutu wa kuvaa koti ata mu jua kali, akaangalia nyuma yangu kama kuna chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, inafuata na magunia, kisha akauliza, "Na maharagi?"

Miaka mingi imepita. Nilifundisha batoto kusamehe, ilikuwa kazi yangu, na mimi mwenyewe nimesamehe vitu ambavyo sipendi kuhesabu. Lakini ile "na maharagi", akaa! Ile ingali inanikwama ku koo.

Nilikuwa mukubwa wa vijana mu kanisa yetu ya Kiprotestanti, hapa Butembo, upande wa Vulamba. Juma muzima nilifundisha ku masomo ya musingi, siku ya posho, Jumamosi, nilikuwa na vijana. Ilikuwa wakati wa vita. Muji ulikuwa mu mikono ya waasi, basoda balisimama ku barrière za njia na kutupigia kelele mu Lingala, na mu musitu kulikuwa bale bengine, bale banajimwangia maji ya dawa ili risasi isibaingie. Sisi baraia tulikuwa katikati, kila mutu anatuomba kitu. Batoto balikuja kwangu na yote ile ndani ya tumbo. Balikuwa na miaka kumi na ine mpaka kumi na saba, baliniita Yaya, dada mukubwa. Tuliimba, tulisoma Biblia, kisha baliniuliza maulizo. "Yaya, juu ya nini Mungu alinyamaza wakati balichoma nyumba yetu?" Niliwaambia, "Tumuulize pamoja," na tulimuuliza, kwa sauti, na wengine balimukasirikia Mungu mbele yangu na sikubakataza. Niliona ile pia ni sala.

Ule mwaka kumi na mbili balikuwa mu kilasi ya ubatizo. Kwetu mutu anabatizwa akiwa mukubwa, anazamishwa muzima mu maji ya muto, na anavaa kanzu nyeupe. Mimi njo nilishona zile kanzu, ku mashini yangu ya miguu, kitambaa moja kwa wote. Ya mwisho, ya kumi na mbili, ilikuwa ndefu kupita zingine, juu ya mwenyewe alikuwa murefu: binti mumoja wa miaka kumi na tano, baba yake alikufa, mama yake alikuwa anauzisha sombe, majani ya muhogo, ku soko. Huyu binti alikuwa na sauti nzito ya kushikilia kwaya yote. Na maulizo yake ilikuwa ya kunitoa jasho. Kila siku ya posho aliniambia, "Yaya, usisahau, mikono ya kanzu iwe mirefu, sitaki Pasta aone viwiko vyangu." Alichekesha wengine na ile neno ya viwiko mpaka ikakuwa wimbo.

Basi bazee bakakata shauri: kilasi ya ubatizo itafanya salongo, kazi ya pamoja bila malipo, itavuna maharagi ku shamba ya kanisa kule Kalunguta, juu ya sikukuu ya mavuno. Nikauliza habari ya njia. Kila mutu ku soko alikuwa anasema njia imeharibika, banateka watu. Muzee wa koti akaniangalia vile mutu anaangalia mutoto mwenye kusumbua, akasema, "Mungu atabalinda. Ao unafundisha hawa batoto imani gani?"

Nilinyamaza. Ninaandika hapa wazi: nilinyamaza. Niliogopa baseme sina imani, na kwa ile woga ndogo ya aibu nikapeleka batoto ya benyewe mu hatari.

Tulikuwa ku shamba tunavuna, bale ba musitu bakatoka mu majani saa ya katikati, wakati jua ilikuwa juu kabisa. Tulikimbia. Yeye alikuwa mwisho wa mustari, mbali, na mafungu ya maharagi mikononi. Nilimusikia akiita "Yaya!" mara mbili.

Kesho yake muzee alituma vijana ba chukudu kule Kalunguta. Bakatafuta mutoto? Hapana. Bakatafuta magunia. Na magunia ilifika, yote tatu, hakuna ata mbegu moja ilipotea! Siku ya mavuno, maharagi ikapikwa, ikaliwa na mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese. Commandant wa waasi alikaa mbele ku kiti ya heshima, bunduki ya mulinzi wake imesimama ku mulango wa nyumba ya Mungu, na alipewa sahani ya kwanza. Mama ya binti alikaa upande wa wanawake, sahani ku magoti, hakukula. Aliita tu Mungu kwa lugha ya kwetu, kwa sauti ndogo, "Nyamuhanga wetu, Nyamuhanga wetu." Mimi niliikula, kijiko mbili. Nilikuwa na njaa. Ile pia sijajisamehe.

Majuma tatu ilipita, binti akarudi. Alitoroka, akatembea kwa miguu mpaka Butembo, akaingia kwa mama yake asubui, akakaa chini. Nilikimbia kwenda kumuona, nikanyoosha mikono. Akaficha yake nyuma ya mugongo.

Siku ya posho alikuja ku vijana. Sisi tunaanza na kusalimiana kwa mikono, kila mutu na kila mutu, na vicheko. Yeye alisimama ku ukuta, mikono nyuma. Mwishoni tulikula pamoja, bundu, ugali ya kwetu, na sombe, akakataa sombe. Mutoto wa mwenye kuuzisha sombe! Wengine bakacheka, bakafikiri ni mizaha. Mimi nikamungoja mpaka bote batoke.

"Mama, nini inakupata?" nilimuuliza. Kwetu tunaita binti mama, kwa upendo.

Akanionyesha mukono. Chale tatu ndogo, zimekauka. "Balinimwangia maji, Yaya. Ya dawa. Kisha bakanipa chungu ya ile maji, nitembee nayo. Balisema nisiguse mutu mikono, nisikule sombe. Nikivunja mwiko, mutu anakufa juu yangu."

"Na unaiamini?"

"Hapana," alisema. Kisha akalia. "Mais kama ni kweli? Kama ninakushika na unakufa?"

Nikamushika mikono yote mbili kwa nguvu. Nikamwambia, "Ona, sijakufa." Tulikaa vile mpaka akacheka kidogo, na mimi nikafikiri kazi imekwisha. Kazi haikukuwa imekwisha. Sisi Baprotestanti tuna desturi yetu: mutu akitoka mu hatari, anasimama mbele ya kanisa na kushuhudia. Hatuwezi kuacha mutu na jambo yake mu roho, lazima alitoe mbele ya watu mia tatu. Donc nikamwambia, "Siku ya Mungu utashuhudia. Yote, usifiche kitu. Shetani atapata haya." Akasema, "Sawa, Yaya," vile batoto banasema sawa kwa mutu mukubwa.

Akashuhudia, mikono imefungwa ndani ya kikwembe ya mama yake. Alisema vizuri, wazi, mustari kwa mustari. Nilikuwa na kiburi, ninasema kweli. Alipofika ku maji, muzee wa koti akatoa kalamu na kuanza kuandika.

Bazee bakatuita ku bureau ya Pasta, nikaingia mimi peke yangu, yeye bakamuacha inje. Muzee akasoma: huyu binti amekwisha kubatizwa na maji ya shetani. Donc jina yake itoke mu kilasi. Mwaka moja chini ya azabu. Kwetu ile azabu ni kukaa ku benchi ya nyuma, karibu na mulango, pamoja na balevi na bale bameiba muke wa mutu. Hauimbi, hausogei ku Meza ya Bwana, na kila mutu akiingia anakuona.

"Azabu ya nini?" niliuliza. "Alifanya zambi gani?"

"Alibeba chungu ya dawa. Yeye mwenyewe amesema."

Hapo damu ilinipanda. Mimi ni mutu wa kuheshimu bazee, nililelewa vile, ata ile siku nilianza na "muzee wangu". Nikasema, "Muzee wangu, nani alimutuma ku ile shamba? Alienda kufanya biashara yake? Alienda kuvuna maharagi yako! Siku tulirudi bila yeye, uliuliza maharagi mbele ya kuuliza mutoto. Ulituma chukudu kwa magunia, hukutuma ata mutu mumoja kwa yeye. Na yule commandant anakaa mbele kila siku ya Mungu, yeye hajabeba kitu? Bunduki si chungu? Muweke na yeye benchi ya nyuma, tuone!"

"Mwanamuke, sauti," alisema muzee.

"Sauti yangu iko palepale!"

Pasta alikuwa anaangalia viatu vyake. Bazee banne balinyoosha mukono, ikapita. Nilitoka, nikamukuta binti anangoja ku ukuta. Alijua ku uso wangu. Akauliza tu, "Ni juu ya ile nilisema?"

Eh, Mungu. Maji ikimwangika haizoleki. Mimi njo nilimusukuma aseme.

Alikaa ile benchi juma kwa juma, mugongo wima. Batoto bengine balikasirika kunipita. Kwaya bila sauti yake ilianguka, na kijana mumoja wa kwaya alisema kwa sauti kubwa ya kusikilika na bazee, "Si tuombe muzee wa koti aimbe nafasi yake?" Siku ya ubatizo ilifika. Tukashuka ku muto na kanzu kumi na moja. Ya kumi na mbili nilikuwa nayo mu saki, mufuko yangu ya mukono, sijui ata juu ya nini niliibeba.

Na yeye alikuja. Hakuna mutu alimuita. Alisimama ku kando ya muto na vikwembe vya wenzake ku mabega, viatu vyao mu mikono, tayari kubafunika bakitoka mu baridi. Kila mutu akitoka maji, yeye njo alimupangusa uso. Kwa mikono yake. Sasa hakuogopa tena kugusa mutu.

Pasta aliona. Alikuwa mu maji mpaka ku kiuno, na nilimuona anaona. Baada ya wa kumi na moja hakutoka. Muzee wa koti alianzisha wimbo wa kumalizia, Pasta akainua mukono, wimbo ukakatika. Akaita binti kwa jina, akasema, "Njoo. Ingia. Ile neno ya azabu nimeifuta, mimi mwenyewe."

Mimi nikafungua saki mbio mbio, nikatoa kanzu. Wenzake bakapiga vigelegele. Nikamupelekea.

Hakuipokea. Akasema, bila hasira, kwa heshima yote, na watu bote bakasikia: "Aksanti, Pasta. Bale ba musitu balinimwangia maji, hakuna mutu aliniuliza kama ninataka. Ninyi mulinikataza maji, hamukuniuliza. Leo munaniita, na hamujaniuliza."

Binti akainama, akaendelea kupanga viatu vya wenzake, kila mutu na vyake.

Ile mwaka mama yake alimupeleka Beni, kwa shangazi mwenye kuuzisha vikwembe. Nilikaa na hasira ya muzee, hasira ya Pasta, hasira ya nchi hii yote yenye kutuma batoto mu moto na kubauliza juu ya nini banasikia moshi. Hasira ya mimi mwenyewe ilikuwa chini ya zote, na ilinichukua wakati kuifikia. Wakati njia ilifunguka kidogo, nikapanda lori mpaka Beni, kanzu mu saki.

Nilimukuta ku meza ya shangazi yake, amerefuka tena. Tulishikana mikono, tukacheka, akaniuliza habari ya kila mutu. Nikatoa kanzu, nikaiweka juu ya vikwembe. Akaiangalia, akapima mikono ya kanzu ku mikono yake, na kweli ilifunika viwiko.

"Yaya," alisema, "umekuja kunituma, ao kuniuliza?"

Njia yote nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumwambia, mistari ya Biblia, yote. Nikaiacha.

"Kukuuliza."

"Basi nitafikiri."

Akakunja kanzu vizuri, akaiweka chini ya meza, upande wa vitu vyake mwenyewe. Nikarudi Butembo na saki tupu.