Gemu ndogo na gemu kubwa

Hebu mwone binti wa miaka kama tisa, ameegemea kaunta ya duka moja Chamazi. Mkono mmoja ameshika gemu yake ndogo ya zamani, mwingine toleo jipya, kubwa. Hospitali walishamwambia mama yake kwamba miwani haitamsaidia tena mtoto. Mama amekuja kujaribu gemu yenye kioo kikubwa.

"Sista, hii hata bibi anasoma bila miwani," muuzaji akajigamba.

Binti akaisogeza ile ndogo hadi puani, kisha ile kubwa, hadi puani vilevile.

"Unaona, mwanangu?"

Akageukia sauti ya mama. "Naona, mama. Hii nzuri zaidi."

Mama akacheka, akafungua pochi.

Muuzaji akashusha sauti. "Mdogo wangu, hiyo mbona bado sijaiwasha."

Mama akabaki ameshika zipu ya pochi.

Nimefundisha watoto miaka mingi. Sijui ni wangapi walioniitikia "ndiyo, mwalimu" mbele ya ubao wasiouona, ili tu nifurahi. Tafadhali kumbuka hili moja: usimuulize mtoto kama anaona, muulize anaona nini.