Punda wa Kijiti

Wasichana wa bweni walimwita Mama Moshi, na hakuwahi kukasirika, maana jina lenyewe lilikuwa la haki. Jiko la shule lilikuwa na kidirisha cha kupitishia kikombe tu, na moshi ulipotaka kutoka ulimpitia yeye kwanza. Alipika uji asubuhi, maharage mchana, na jioni maharage yaleyale. Aliyelalamika aliambiwa akayaulize mawingu.

Kazi yake nyingine ilikuwa maji. Kisima cha shule kilikuwa kimekauka, kwa hiyo kila alfajiri alikwenda kwenye pampu ya mbali na punda wake, aliyemwita Mstaafu kwa jinsi alivyotembea bila haraka na bila kinyongo. Punda huyo ndiye aliyekuwa mali yake yote, ukiacha godoro na redio. Yeyote aliweza kumpakia madumu, hata mtoto angemwongoza kwa uzi.

Ukame ule uliwachukua wasichana mmojammoja. Malisho yakiisha wafugaji huhama, na familia inayohama huhitaji kila mkono. Baba alifika getini na fimbo yake, binti akafunga kifurushi, na godoro likabaki limekunjwa kitandani. Mama Moshi aliyachukia magodoro yale yaliyokunjwa kuliko alivyouchukia moshi.

Ndipo akaja baba yake Kijiti. Kijiti alikuwa msichana mrefu, mwembamba, wa darasa la mwisho, mwenye tabia ya kusoma hata maandishi ya kwenye magunia. Mtihani wa kuingia sekondari ulikuwa umekaribia. Mwalimu mkuu alimkalisha yule baba ofisini akamweleza faida za elimu, moja baada ya nyingine, mpaka koo likamkauka. Baba alisikiliza kwa adabu na kuitikia kila neno.

"Ni kweli kabisa, mwalimu," alisema mwishoni. "Sasa naomba mtoto wangu."

Mama Moshi alikuwa ameingia na chai. Aliweka kikombe mezani, akashindwa kuondoka.

"Kaka, nisamehe naingilia. Huko nyumbani kuna nini hasa kinachomtaka huyu mtoto?"

Yule baba akashusha pumzi. "Punda, dada."

Akaeleza. Walikuwa wamebakiwa na punda mmoja. Mama wa punda huyo alikufa katika ukame uliopita, na Kijiti akakilea kitoto kwa maziwa ya kikombe, akalala nacho ubavuni usiku wa baridi. Sasa kitoto kilikuwa punda mzima, mwenye nguvu, na jina lake Kisirani. Asipomwona Kijiti, hapakiwi hata kikapu.

"Mke wangu amembembeleza, mimi nimemchapa. Analala chini tu, ananitazama. Na wadogo wa binti yangu hawawezi kufika kwenye malisho bila maji. Sikatai shule, dada. Nimekwama."

"Si umuuze, ununue mwingine?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Wakati huu? Nani ananunua punda?"

Mama Moshi alirudi jikoni akakoroga maharage yasiyohitaji kukorogwa. Yeye naye alikuwa mtoto wa mfugaji. Alisoma muhula mmoja, akikaa mstari wa nyuma na nguo za nyumbani, na mwalimu alimwahidi sare muhula utakaofuata. Kisha nyasi zikaisha. Baba yake alimwambia mvua ikinyesha atarudi shule. Mvua ilinyesha, tena nyingi, ila hakuna aliyekumbuka. Hakuwa na chuki na baba yake. Iliyomuuma mpaka leo ni ile sare.

Nje, Mstaafu alikuwa amesimama kivulini akitafuna boksi. Mama Moshi alimtazama kwa muda mrefu, na roho ilimuuma kwelikweli. Halafu akafuta mikono, akarudi ofisini.

"Chukua wangu," alimwambia yule baba. "Huyu hana maneno na mtu. Niletee huyo mkorofi wenu, akae hapa na Kijiti wake."

"Dada, unanitania."

"Nina maharage motoni. Muda wa utani ningeutoa wapi?"

Basi Mstaafu akaenda zake na familia ya watu, bila hata kugeuka nyuma, na Kisirani akaingia shuleni. Siku ya kwanza alipiga teke ndoo, akatafuna kanga ya Mama Moshi, kisha akalala katikati ya uwanja wa gwaride. Kijiti alipomshika shingo tu, akasimama mpole. Tangu hapo wakawa wanakwenda kwenye pampu watatu: Kijiti mbele akijisomea masomo yake kwa sauti, punda akimfuata, na Mama Moshi nyuma akinung'unika kuwa amebadilishana mume mwema na mlevi. Lakini masomo yenyewe aliyasikiliza yote.

Kijiti alifanya mtihani, akafaulu. Asubuhi ya kwenda sekondari alimkumbatia Mama Moshi, akalia kwenye shingo ya punda, na sweta lake la zamani akaliacha kwenye msumari wa jikoni kwa vile huko aendako wana la rangi nyingine.

Kesho yake Kisirani alilala chini. Mama Moshi alimbembeleza, akampa sukari, akamtukania ukoo mzima. Wapi. Mapipa yalikuwa yanakaribia kukauka na wasichana wote walikuwa wanamtegemea. Akiwa amekata tamaa, akaliona lile sweta. Alilivaa kwa taabu, vifungo vikagoma kufika, akatoka nje amebanwa kama mto kwenye foronya ndogo.

Kisirani alinyanyua kichwa. Alinusa mkono wa sweta, akanusa tena, akasimama.

Wasichana walikuwa wamejaa mlangoni mwa bweni, wanacheka mpaka wanashikana mabega.

"Mama Moshi," mmoja aliita, "kwani wewe uko darasa la ngapi?"

Alikuwa anafunga dumu la mwisho. Mikono ilisimama. Aliliangalia lile sweta, nembo ya shule kifuani, akahisi machozi yanamjia na hakuyaficha.

"La kwanza," alisema. "Nilikuwa nasubiri sare."