Kaburi Nyuma ya Jiko

Nilinunua nyumba peke yangu nikiwa na umri ambao kwetu Bukoba mwanamke haulizwi tena ataolewa lini. Nilikuwa fundi cherehani mjini Mwanza, nashona sare za shule na nguo za kwaya, na nilikuwa nimechoka kupanga. Kaka yangu aliniambia kwenye simu, "Subiri nije tuitazame pamoja." Nikasubiri masika yote. Hakuja. Nikaenda mwenyewe.

Nyumba ilikuwa upande wa njia ya Kisesa, juu kidogo, mahali ambapo wakati ule mvua ikinyesha gari halipandi. Vyumba vitatu, bati lenye kutu, jiko la nje, na nyuma uwanja uliojaa mawe, yale mawe ya Mwanza ambayo hakuna anayeyahamisha, watu wanajenga wakiyazunguka. Mwenye nyumba alikuwa mzee mstaafu mwenye sauti ya chini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akafuta kiti kwa kiganja ndipo akanikaribisha.

"Mume wako atakuja kuiona lini?"

"Sina mume, baba."

"Na ndugu zako wa hapa Mwanza?"

"Sina. Wote wako Bukoba."

Akatikisa kichwa kwa huruma. Mimi niliona ni huruma.

Tulisaini kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee akaniombea baraka, nikakabidhiwa funguo. Majirani walikuwa wamekaa kwenye vibaraza vyao wakinitazama ninavyoingiza vyombo. Niliwasalimia, wakaitikia. Yakaishia hapo. Nilikuwa natoka asubuhi kwenda kwenye cherehani na kurudi jioni, na Jumapili nililala. Sikuwa mtu wa kukaa kibarazani kwa watu.

Kila nilichopata nilikiingiza kwenye ile nyumba. Niliezua bati nikapiga jipya. Nikaweka tangi la maji, vigae, madirisha ya vioo. Nyuma ya jiko palikuwa na jiwe bapa, nikalifanya la kufulia, na pembeni yake nikapanda miche ya migomba niliyoagiza nyumbani. Ilikubali ardhi ile. Siku niliyokata mkungu wa kwanza nilipika matoke nikala peke yangu mezani kwangu, na sikumbuki kama nimewahi kula chakula kilichonishibisha vile.

Halafu ikaja lami. Barabara ilipita chini yetu, wakaanza kuja watu wenye magari kuulizia viwanja, na watu waliouza mapema wakawa wanashika vichwa.

Haikupita muda, Jumamosi moja asubuhi, nikasikia hodi. Mlangoni alisimama dada mkubwa wa yule mzee, mama mnene aliyejitanda khanga nyeusi. Nyuma yake walikuwa wanawake wengine wa ukoo wao, fundi mwenye mfuko wa saruji, na mwenyekiti wa mtaa.

"Tumekuja kumjengea mama," akasema yule dada.

"Mama yupi?"

"Mama yetu. Amelala nyuma ya jiko lako. Hukuambiwa?"

Nikamtazama mwenyekiti. Akatazama viatu vyake, kisha akasema, "Ni kweli. Yupo pale. Mzee alisahau kukueleza, si unajua wazee."

Wakapita nyumbani kwangu mpaka uani kama wenyeji. Yule dada akasimama mbele ya jiwe langu la kufulia. Nguo zangu za ndani zilikuwa juu yake, zimeloweka kwenye beseni.

"Hili ndilo tuliloweka liwe alama," akasema. "Kwa hiyo mama yetu ndiye unayemmwagia maji ya nguo zako." Akaigeukia migomba. "Na ndizi zake ndizo unazokula."

Kwetu wafu wanalala kwenye migomba, karibu na nyumba, na nimekula ndizi hizo tangu utoto. Lakini wale ni wetu. Niliinama nikaondoa beseni, nikaomba radhi. Niliomba radhi kwa kila mmoja wao. Fundi aling'oa migomba yangu yote, akajenga kaburi la saruji lenye msalaba, nami nikawapikia chai.

Kuanzia hapo uwanja wangu ukawa wao. Walikuja walipotaka, wakatandika mkeka, wakaimba, wakaniagiza maji ya kunywa. Siku nyingine dada alikuja peke yake, akakaa juu ya kaburi akinitazama dirishani nikila. Niliacha kupika. Nikakonda mpaka wateja wakaanza kunong'ona.

Nilikwenda kwa mwenyekiti nikamwambia, "Kwenye mkataba hakuna kaburi."

"Kaburi haliandikwi, mama. Kaburi lipo tu."

"Basi lihamishwe."

"Mpaka ukoo ukubali. Nao hawakubali."

Nikaamua kuuza. Wa kwanza kuja walikuwa mwalimu na mkewe. Mke aliipenda, akafungua mabomba, akagusa vigae. Tukiwa bado sebuleni tukasikia kilio uani. Dada alikuwa amelala kifudifudi juu ya saruji, anamwita mama yake. Sijui nani alimwambia kwamba nina wageni. Mke wa mwalimu alinishika mkono akasema, "Pole, dada," wakaondoka, hata chai hawakunywa. Waliofuata walikutana na yaleyale, na baadaye madalali wakaacha kupokea simu zangu.

Ndipo yule mzee akaja. Mpole vilevile. Alikaa kwenye kochi langu akapapasa kitambaa chake.

"Mwanangu, naona unateseka. Sisi hatuna uwezo, lakini kwa ajili ya mama tutajikusanya, tuichukue nyumba yetu."

Kiasi alichotaja kisingelipa hata bati na tangi. Nikamwambia, "Baba, hapa nimejenga."

"Ni kweli umejenga," akasema. "Lakini nani mwingine atakununulia?"

Nilisaini mbele ya mwenyekiti yuleyule. Mzee akaniombea tena baraka, nami nikaitikia amina.

Nikapanga chumba Igoma. Baadaye kwaya moja ya mtaa nilikohama iliniletea kazi, na nguo zilipokamilika nikazipeleka mwenyewe. Nilipita mbele ya ile nyumba. Uani hapakuwa na msalaba. Palikuwa na safu ya vyumba vya kupangisha, vimetoka jikoni hadi kwenye mawe, milango imeshapakwa rangi.

Jirani wa upande wa pili alikuwa kibarazani anamenya viazi vitamu. Nikamsalimia, nikamuuliza, "Yule mama yao wamemhamishia wapi?"

Akanitazama kidogo. "Mama yao alizikwa Misungwi. Zamani. Tulikwenda mtaa mzima, kwenye lori."

"Mwenyekiti naye alikwenda?"

"Ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu."

Nilisimama na mfuko wa nguo za kwaya mkononi. Yeye akaendelea kumenya.

"Mlijua siku zote hizo. Kwa nini hamkuniambia?"

"Tukuambie sisi kama nani wako? Miaka yote umepita hapa, hujawahi kukaa hapa nilipokaa. Msibani hatukukuona, harusini hatukukuona. Yule mzee ni mtu wetu."

"Mliniona nalia."

"Tulikuona," akasema. Akatupa kiazi kwenye sufuria. "Walikuwa wanacheka njiani wakirudi kutoka kwako. Yule dada anajua kulia, lazima tuseme ukweli."

Nilikwenda kwa wakili. Alinisikiliza vizuri, halafu akaniuliza nina shahidi gani. Nikarudi kwa yule jirani kumsihi. Alinijibu mlangoni, bila kunikaribisha, kwamba hajui habari za kaburi na hajawahi kuzungumza na mimi. Wakili akasema bila shahidi, kilichopo ni sahihi yangu. Kaka yangu nilipomsimulia alisema, "Si nilikuambia usubiri?" Simu nilikata mimi.

Mwaka huu nilikutana na yule dada soko la samaki Kirumba, anachagua sato. Aligeuka ghafla tukatazamana, na kabla sijafikiri mdomo wangu ukatamka, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akasema kwa furaha, akanitazama chini mpaka juu. "Umenawiri. Umepata mahali pa kukaa?"

"Nimepata."

"Ukikwama, njoo. Vyumba tunavyo, na wewe pale unapajua."

Akamwambia muuzaji ampunguzie bei, akalipa, akaondoka na samaki wake.